Nuru Hupimwa kwa Muwala, si kwa Ukali Pekee

Mnamo Septemba 2014, Bw. John Ekusi, Mkenya mweledi wa kutafuta visukuku, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, aliona fuvu dogo katika eneo la Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ukubwa wake ulikuwa kama wa limau. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2017, kundi la wataalamu lililoongozwa na mwanasayansi Mkenya, marehemu Dkt. Isaiah Nengo, liliutangazia ulimwengu kwamba fuvu hilo lilikuwa la mtoto wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita. Kiumbe huyo alipewa jina la Nyanzapithecus alesi, na sehemu ya mwisho ya jina hilo imetokana na neno la Kiturkana lenye maana ya mhenga au babu wa kale.

Lililostaajabisha zaidi ni kwamba wataalamu hao waliweza kuutaja umri wa mtoto huyo alipokufa: mwaka mmoja na miezi minne hivi. Waliujuaje? Walihesabu mistari myembamba ya ukuaji iliyo ndani ya meno ambayo yalikuwa bado hayajaota, yaliyofichika tayani. Wala hawakulivunja fuvu, wala kulikata msumeno. Lilipelekwa hadi mji wa Grenoble, Ufaransa, likamulikwa kwa miale ya eksirei katika maabara ya Ulaya ya sinkrotroni, inayojulikana kwa kifupi kama ESRF.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu na mwanafunzi wa nchi hii anastahiki kuliuliza. Nuru ile ya Grenoble ina nini ambacho eksirei ya hospitali ya wilaya haina? Aghalabu watu hujibu kwamba ni kali zaidi. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nuru ile ina mpangilio, na mpangilio huo si jambo la kusadiki tu. Hupimwa, ukaandikwa kwa tarakimu. Nusu hii ya pili ndiyo tusiyoizungumza, na sababu mojawapo ya kutoizungumza ni kwamba hatujaipa maneno.

Tuanze na mawimbi. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na ugunduzi huo ukampatia Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia mwaka 1901. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana iwapo miale hiyo ni mawimbi au ni chembe. Mwaka 1912, Max von Laue na wenzake waliipitisha katika fuwele wakaona alama ambazo mawimbi pekee ndiyo yangeweza kuziacha. Tangu hapo imejulikana kuwa eksirei ni ndugu wa nuru tunayoiona kwa macho, ila mawimbi yake ni mafupi mno. Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi. Eksirei inayotumiwa kuchunguza mawe na fuwele huwa karibu na nanomita 0.1, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni kumi. Ni mafupi kuliko ya nuru ya kijani takriban mara 5,000.

Sasa mpangilio tunaouzungumzia ni upi? Msomaji aliyepata kusimama ufuoni mwa bahari atanielewa upesi. Wimbi kubwa linalotoka mbali baharini huufikia mwamba kwa mstari mmoja mrefu. Mashua mbili zilizotiwa nanga sambamba na mstari huo, hata zikiachana kwa mita mia, huinuliwa pamoja na kushushwa pamoja. Ukiiona moja inapanda, wajua ya pili inafanya nini bila ya kuitazama. Linganisha hali hiyo na maji ya kivuko cha Likoni wakati feri zinapishana na mashua zinakatiza huku na huko. Maji hupanda na kushuka pia, tena kwa nguvu, lakini mwendo wa hapa haukuambii lolote kuhusu mwendo wa pale, hata kama ni hatua chache tu kutoka hapo. Bahari ya kwanza ina mpangilio baina ya mahali na mahali. Ya pili ina nguvu bila ya mpangilio.

Nuru nayo ni vivyo hivyo. Tukichagua nukta mbili katika upana wa mwali, tunaweza kuuliza: je, mawimbi yanayopita katika nukta hizi mbili yana uhusiano thabiti, au kila moja linakwenda kivyake? Uhusiano huo unapodumu, tunasema nuru ina muwala wa mahali. Kuna na muwala wa wakati, unaohusu wimbi la sasa na lile litakalopita hapo hapo punde baadaye. Lakini huo tuuache kando kwa leo.

Neno muwala nimelichagua kwa makusudi, na kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nina wajibu wa kueleza sababu. Walimu wa Kiswahili watakumbuka kwamba tunapochambua matini huwa tunatenganisha mambo mawili. Kuna mshikamano, yaani jinsi sentensi zinavyofungamanishwa kwa viunganishi, viwakilishi na vifungo vinginevyo vya lugha vinavyoonekana. Halafu kuna muwala, yaani jinsi maana ya sehemu moja inavyokwenda sambamba na maana ya sehemu nyingine hata msomaji akaweza kutabiri mkondo wa hoja. Matini yaweza kuwa na viunganishi tele na bado yakakosa muwala.

Fizikia nayo ina mambo hayo mawili. Molekuli za maji hushikana zikafanya tone, na jambo hilo tayari tunaliita mshikamano. Mawimbi ya nuru hayashikani. Hupitiana bila ya kugusana, kisha kila moja likaendelea na safari yake. Kinachoyaunganisha ni kule kwenda kwa uhusiano unaotabirika. Iwapo tutaita hali zote mbili mshikamano, mwanafunzi atadhani kwamba kuna gundi fulani inayoshikanisha miale. Kiingereza hutenganisha dhana hizi kwa maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti, na ambayo huwatatiza hata wenyewe. Kiswahili kina maneno mawili yasiyofanana kabisa. Kwa nini tuiache neema hiyo?

Kuna watakaosema kwamba ni rahisi zaidi kulitohoa neno la kigeni kama tulivyofanya kwa eksirei, elektroni na sinkrotroni. Sina ugomvi na utohoaji. Jina la chombo au la chembe lafaa kutoholewa, kwa sababu mtu akikionyeshwa kitu chenyewe atalijua jina lake. Lakini dhana inayoeleza uhusiano haionyeshwi kwa kidole. Huhitaji neno ambalo tayari lina mizizi katika fikra za msikilizaji, na muwala ni neno la namna hiyo kwa yeyote aliyesoma Kiswahili hadi chuo.

Tugeukie sasa upimaji wenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo. Mapema katika karne ya 19, daktari Mwingereza Thomas Young alionyesha kwamba nuru ikigawanywa mara mbili kisha ikakutanishwa tena, huchora mistari ya nuru na kiza kwa zamu. Pale kilele cha wimbi moja kinapokutana na kilele cha jingine, nuru huongezeka. Pale kilele kinapokutana na bonde, nuru hufutika. Walimu wa fizikia huyafundisha haya katika mada ya mawimbi, wakitumia mianya miwili myembamba iliyokaribiana. Kile ambacho aghalabu hakisisitizwi ni kwamba mistari hiyo ni mizani. Ikionekana bayana, mawimbi yaliyopita katika mianya hiyo miwili yana muwala. Ikififia, muwala umepungua. Ikitoweka na ukuta ukawa na mng'ao wa namna moja tu, muwala haupo.

Namna ya kuiweka mizani hiyo katika tarakimu ni hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Pima nuru mahali penye mng'ao mkubwa kabisa, kisha pima mahali penye kiza kikubwa kabisa. Toa ya pili kutoka kwa ya kwanza, halafu ugawanye kwa jumla ya zote mbili. Kama penye mng'ao pana vipimo 90 na penye kiza pana 10, tofauti ni 80, jumla ni 100, na jibu ni 0.8. Moja kamili ni muwala timilifu. Sufuri ni vurugu tupu. Baada ya hapo tenganisha mianya zaidi, upime tena. Kadiri mianya inavyoachana ndivyo tarakimu inavyoshuka, na umbali ambapo inashuka sana ndio unaoitwa upana wa muwala.

Upana huo unategemea nini? Kanuni yake ilielezwa na Waholanzi wawili, Pieter van Cittert mwaka 1934 na Frits Zernike mwaka 1938, na kwa makadirio yaweza kusemwa kwa maneno machache: zidisha urefu wa wimbi kwa umbali kutoka kwa chanzo, kisha gawanya kwa upana wa chanzo. Kwa hiyo chanzo kikiwa chembamba na kikiwa mbali, muwala hupanuka. Mtu akirusha mawe mengi dimbwini, maji ya karibu huchafuka ovyo, ilhali viwimbi vinavyofika ng'ambo huwa vimejinyoosha kwa mistari iliyotulia. Safari yenyewe hupanga.

Tufanye hesabu mbili. Mrija wa eksirei wenye chanzo cha upana wa milimita moja, ukitazamwa kutoka mita moja, una upana wa muwala wa maikromita 0.1 pekee, na maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika sinkrotroni, ambako elektroni huzungushwa katika pete kubwa karibu na kasi ya nuru na kupindishwa na sumaku hadi zikatoa eksirei, chanzo chaweza kuwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita, na kitazamwe kutoka mita 50. Jibu ni maikromita 50, karibu na unene wa unywele. Ni zaidi ya mrija ule mara 500.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona tusiusogeze mrija wa hospitali mbali, au tuuzibe kwa bamba lenye kitundu kidogo, tukapata muwala huo huo? Swali zuri. Muwala tutaupata, lakini miale itakayobaki itakuwa haba hata haifai kazi. Ndiyo maana nikasema ukali ni nusu ya ukweli. Chanzo bora ni kile kinachotoa miale mingi kutoka mahali padogo sana, ili mtu asilazimike kuchagua baina ya wingi na mpangilio.

Kanuni hii ina upande wa pili. Mtu akiujua upana wa muwala, aweza kurudi nyuma akakipima chanzo chenyewe, hata kama kiko mahali asipoweza kufika. Desemba 1920, juu ya Mlima Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease walifunga vioo juu ya darubini na kuitazama nyota ya Betelgeuse. Walivitenganisha vioo kidogo kidogo, na vilipoachana kwa mita tatu hivi mistari ya nuru na kiza ikatoweka. Kwa kutoweka huko wakaukokotoa upana wa nyota ile kama unavyoonekana kutoka duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upana wa nyota nyingine isiyokuwa jua letu kupimwa. Wanaopima muwala wa eksirei hufanya kazi ya Michelson, ila nyota yao ni kundi la elektroni ndani ya pete.

Kwa eksirei, hata hivyo, kazi ni ngumu maradufu. Mawimbi ni mafupi mno, hivyo mistari nayo hukaribiana mno. Mianya iliyoachana kwa maikromita 10, ikipitishwa eksirei ya nanomita 0.1, huchora katika umbali wa mita tano mistari iliyoachana kwa maikromita 50 tu. Jicho haliioni, na kitambuzi chenyewe sharti kiwe chepesi wa kubainisha. Isitoshe, eksirei hupenya vitu vingi, kwa hiyo mianya lazima ichongwe katika madini mazito kama dhahabu, mirefu kwenda ndani na myembamba kwa upana. Ndipo wataalamu wakatafuta njia mbadala. Mwaka 2000, watafiti wa Grenoble walieleza jinsi walivyoweka uzi mwembamba wa boroni katika njia ya eksirei, wakaisoma mistari iliyojitokeza kandokando ya kivuli chake, na kutokana nayo wakaupima upana wa muwala moja kwa moja.

Mashine za siku hizi zimeleta taabu mpya. Mwaka 2009, huko Stanford, Marekani, ilianza kufanya kazi leza ya eksirei iitwayo LCLS, ambayo mapigo yake ni mafupi na makali hata pigo moja huiharibu mianya yenyewe. Watafiti waliamua kuikubali hasara hiyo: kila vitundu viwili vilitumika mara moja, vikatoa picha, vikaangamia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba upana wa muwala katika mwelekeo wa wima ulikuwa maikromita 17, karibu sawa na upana wa mwali wenyewe mahali ulipokusanywa, na kwamba muwala wa jumla ulikuwa asilimia 56.

Asilimia 56! Ningewaomba wasomaji waitafakari tarakimu hiyo. Hapa kuna mashine ya hali ya juu kabisa, yenye jina la leza, na umma ungetarajia kuambiwa kwamba nuru yake imekamilika. Badala yake waliopewa nafasi ya kuitumia waliipima, wakasema hadharani kwamba imepita nusu kidogo. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hesabu za mjenzi ni ahadi tu. Kioo kinachotikisika kwa kiasi kisichoonekana, kidirisha cha metali kisichong'arishwa vyema, mtetemo wa pampu iliyo chumba cha pili, vyote hivyo hupunguza muwala, na kwa mpimaji chanzo huonekana kama kimepanuka. Anayepima ndiye anayejua alicho nacho.

Turejee sasa kwa fuvu la Napudet, maana hapo ndipo faida ya haya yote inapodhihirika. Eksirei ya kawaida huchora kivuli: mfupa huzuia miale kuliko nyama, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiona katika picha ya mkono uliovunjika. Lakini kisukuku kimegeuka jiwe na kimezungukwa na jiwe. Vyote viwili huzuia miale kwa kiasi kinachokaribiana, na picha hutoka kama ukungu. Wimbi linapopita katika mfupa uliogeuka jiwe, hata hivyo, huchelewa au hutangulia kidogo kuliko lile lililopita kando yake. Iwapo mwali una muwala, mawimbi hayo mawili yanapokutana mbele ya safari huchora mistari kwenye mpaka wa kitu na kitu, na mpaka uliokuwa umejificha hudhihirika. Bila ya muwala, tofauti hiyo hupotea isionekane kamwe. Mistari ya ukuaji ndani ya jino la mtoto wa miaka milioni 13 iliyopita ilisomeka kwa sababu hiyo. Nuru iliyokuwa kali tu ingeonyesha jiwe ndani ya jiwe.

Hapo ndipo linapokuja suala la bara letu. Wenye maabara ya Grenoble hawakuridhika na walichokuwa nacho. Mwisho wa 2018 waliifunga pete yao, yenye mzingo wa mita 844, wakaijenga upya, na Agosti 2020 wakaifungulia watafiti tena, kipimo kinachojumlisha upana wa kundi la elektroni na mtawanyiko wake kikiwa kimepunguzwa takriban mara 30 kwa upande wa ulalo. Sweden ilikuwa imezindua pete ya aina hiyo mjini Lund mwaka 2016. Brazili, ambayo ilianza na pete ndogo iliyofunguliwa kwa watafiti mwaka 1997, ilizindua pete yake mpya iitwayo Sirius mwaka 2018. Mashariki ya Kati, mataifa ambayo baadhi yake hayapeani hata mkono wa salamu, Misri ikiwemo miongoni mwao kama mwanachama kutoka Afrika, yaliungana kujenga sinkrotroni ya SESAME nchini Jordan, iliyozinduliwa Mei 2017. Wazo lake lilichipuka kutokana na mtambo wa zamani wa Berlin uliokuwa umefikia kustaafishwa. Afrika haina hata moja ndani ya ardhi yake. Wanasayansi wa Kiafrika walikutana Grenoble mwaka 2015, kisha Accra mwaka 2019, kuizungumzia ndoto ya chanzo cha nuru cha Afrika. Ndoto hiyo bado ni ndoto.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Wapo wagonjwa katika nchi hii wanaosafiri siku nzima kutafuta mashine ya kawaida ya eksirei, na baadhi yao huikuta imeharibika. Iweje tuzungumzie pete za mamia ya mita? Jibu langu ni kwamba simwombi mtu yeyote aanze kuchimba msingi kesho. Pete haijengwi kwa saruji kwanza. Hujengwa kwa watu. SESAME ilichukua takriban miaka 20 tangu wazo hadi uzinduzi, na sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kuwafunza vijana katika maabara za wengine. Usione vyaelea, vimeundwa. Tena, fundi anayejua kwa nini picha ya sinkrotroni imefifia ndiye yule yule atakayejua kwa nini mashine ya hospitali ya wilaya inatoa picha mbovu. Ujuzi wa kupima hauna tabaka.

Tukubali basi kwamba kazi yaanzia darasani. Katika shule zetu fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na makala haya hayakusudii kufufua mjadala mzima wa lugha ya kufundishia. Ninalodai ni dogo zaidi na laweza kutekelezwa muhula ujao. Mwanafunzi anayeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoiota usiku ndiye aliyelielewa. Anayelikariri kwa lugha ya mtihani pekee amelihifadhi tu, na baada ya mtihani atalisahau. Wenzetu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tangu wakati huo fizikia imekwenda mbio, nasi tumebaki tukisifu kwamba kamusi ipo. Katiba yetu ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi isiyotumika ni kama mwali usio na muwala: nguvu ipo, picha haitoki.

Istilahi nazo, kama nuru, hupimwa kwa matumizi. Neno lililobuniwa ofisini na kuachwa kamusini halijapimwa. Iwapo muwala wa mahali ni istilahi mbaya, walimu na wanafunzi watagundua hivyo watakapojaribu kulitumia kueleza mianya miwili, na watalikataa. Nitaridhika na uamuzi huo, maadamu umetokana na kujaribu.

Na jaribio lenyewe halihitaji safari ya Grenoble. Mwalimu achukue leza ndogo ya mkononi, aina ile inayotumiwa kuelekeza ubaoni, aifunge ili isitikisike, na atandaze unywele mmoja katika njia ya mwali wake. Asiuelekeze kamwe machoni mwa mtu, wala mwanafunzi asiuchungulie. Ukutani, mita mbili kutoka kwenye unywele, itajitokeza mistari ya nuru na kiza. Wanafunzi wapime kutoka kiza kimoja hadi kinachofuata upande ule ule. Kama ni milimita 18, na nuru ni nyekundu ya nanomita 650, wazidishe urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta na kugawanya kwa umbali huo wa mistari. Watapata kwamba unywele una unene wa maikromita 72 hivi. Kisha waitoe leza, waweke tochi ya kawaida mahali pale pale. Tochi yaweza kuangaza ukuta mzima, lakini mistari haitaonekana. Hapo ndipo mwalimu aulize: nuru imeongezeka, kwa nini habari imepungua?

Darasa litakaloweza kulijibu swali hilo kwa Kiswahili fasaha litakuwa limeelewa kile walichokifanya watafiti wa mwaka 2000 kwa uzi wa boroni, na litakuwa limeelewa pia kwa nini fuvu la Napudet lilisafiri. Ningependekeza mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili walifundishe somo hilo pamoja, kipindi kimoja tu kwa muhula, na wanafunzi waandike insha kulihusu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala haitahitaji kuunda kamati, wala Wizara haitahitaji kutenga fedha. Unywele kila mtu anao.

Visukuku vingine vitaendelea kuokotwa Turkana, na kwa miaka mingi ijayo huenda vikalazimika kuvuka bahari ili visomwe. Hilo hatuwezi kulizuia leo. Tunaloweza kuamua leo ni iwapo vijana watakaovisindikiza watakwenda kama wapagazi wa masanduku, au kama watu wanaoweza kuuliza, kabla ya mashine kuwashwa, muwala wake umepimwa lini na ukawa kiasi gani.